Mwekezaji wa gesi ya mwambatope anaogopa nini: sheria kali au sheria inayohamahama?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nauza mbao hapa Mafinga. Kijiweni kwetu tumebishana wiki nzima kuhusu gesi ya sheli, ile iliyowabadilishia Wamarekani maisha. Mmoja anasema kwetu haiji ng'o, kwa sababu sheria za 2017 zimewatisha wawekezaji. Mwingine anasema mwekezaji anatafuta amani tu, na amani tunayo, kwa hiyo bonde la Rukwa likionekana na mwamba huo watakuja wenyewe bila kuitwa. Mimi nimekaa katikati. Nani yuko sahihi? Halafu nina mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, anataka kuomba uhandisi wa petroli kwa ajili ya hayo hayo. Nimwache?

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na salamu kwa kijiwe kizima.

Kwanza tuondoe neno moja njiani. Ukimwambia bodaboda wa Mwanjelwa akupeleke kwenye sheli, atakushusha penye pampu ya petroli na kudai nauli yake. Kwa hiyo hapa nitasema gesi ya mwambatope. Ni gesi asilia kama ile ya Songo Songo na Mnazi Bay, ila hii imenasa ndani ya mwamba uliotokana na tope la kale, tope lililoshindiliwa mpaka likawa jiwe lisilopitisha kitu. Kisima cha kawaida hakiitoi. Unachoronga kwenda chini kilomita mbili au tatu, halafu unaupinda mchorongo ulale ndani ya mwamba wenyewe kwa kilomita nyingine moja au mbili. Kisha unasukuma maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali kidogo, kwa mgandamizo mkubwa, hadi mwamba uchanike nyufa nyembamba. Mchanga unaingia kwenye nyufa na kuzizuia zisijifunge. Gesi inapata upenyo.

Sasa ubishi wenu. Wote wawili wamekosea, na wa amani amekosea zaidi. Lakini sitaweza kuonyesha kwa nini bila kueleza kwanza tabia ya kisima hicho, na bahati nzuri mfano unao nyumbani.

Wewe unajua msindano, mti wa mbao. Unapanda leo, unapalilia, unapogolea, unalinda moto, unakuja kuvuna baada ya miaka kumi na tano au zaidi. Pesa umezizika mwanzoni na huwezi kuzing'oa. Mradi wa gesi ya bahari kuu, kama ule unaozungumzwa miaka yote kule Lindi, ni msindano kabisa: mabilioni ya dola yanazama kabla ya shilingi ya kwanza kuonekana, halafu mavuno yanakuja miaka thelathini.

Kisima cha mwambatope ni viazi vya Uporoto. Kinatoa kwa fujo mwanzoni, na ndani ya mwaka mmoja uzalishaji umeshuka kwa zaidi ya nusu. Ukitaka gesi isipungue, inabidi uchoronge kingine, na kingine tena, mwaka hadi mwaka. Mwenye shamba la viazi haamui mara moja kwa maisha. Kila msimu anakaa na daftari lake, anatazama bei ya mbegu, bei ya mbolea, na habari za barabarani, kisha anaamua kama atapanda ekari kumi au mbili au atapumzika.

Hapo ndipo siasa inapomgusa tofauti na inavyomgusa mwenye msindano. Serikali ikibadili masharti katikati, mwenye msindano atalalamika, ataita wanasheria, lakini miti ipo shambani na yeye yupo. Wa viazi halalamiki. Hapandi tu. Mitambo inapakiwa kwenye malori, wahandisi wanapanda ndege, na ofisini anabaki mlinzi na sekretari mmoja. Mnakumbuka 2017 Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi? Sikusikia mkulima wa Mbozi aliyekwenda mahakamani. Bei ilianguka, magunia yakalala ghalani, na wapo waliopunguza ekari msimu uliofuata bila kumuaga mtu. Gesi ya mwambatope inaondoka hivyo hivyo.

Kwa hiyo swali la mwekezaji huyu si "sheria yenu ni kali kiasi gani?" Swali lake ni "sheria hii nitaikuta msimu ujao?" Ni maswali mawili tofauti, na kijiweni kwenu yamechanganywa.

Tazama Marekani kwenyewe, maana watu hudhani kule waliachiwa tu wafanye wapendavyo. Ni kweli walipewa nafuu. Sheria ya nishati ya 2005 iliiondoa kazi ya kupasua miamba kwa maji kwenye sehemu kubwa ya sheria ya taifa inayolinda maji ya kunywa, na kabla ya hapo palikuwa na unafuu wa kodi kwa gesi ngumu kupatikana, ulioanza 1980. George Mitchell, mzee wa Texas aliyeng'ang'ana na mwamba wa Barnett karibu miaka ishirini hadi ukakubali mwishoni mwa miaka ya 1990, hakung'ang'ana kwa ubishi mtupu. Siku hizi zaidi ya robo tatu ya gesi ya nchi ile inatoka katika miamba ya namna hiyo.

Lakini uko mwamba mmoja pale, unaitwa Marcellus, ambao kwangu ni somo zuri kuliko vitabu vyote. Umelala chini ya jimbo la Pennsylvania na ukaingia jimbo la New York. Nchi moja, rais mmoja, dola moja, amani ileile, jiolojia karibu ileile. Pennsylvania wana masharti yao: tangu 1979 sheria inamhakikishia mwenye ardhi angalau sehemu moja ya nane ya kinachotoka, na tangu 2012 kila kisima kinatozwa ada inayokwenda kwenye wilaya zilizoguswa. Masharti hayo ni mzigo, lakini yameandikwa na yanajulikana. Visima vimechorongwa kwa maelfu. New York wao mwaka 2008 walisema subirini tufanye tathmini ya mazingira. Tathmini ikachukua miaka sita. Desemba 2014 gavana akatangaza marufuku, na 2020 ikawa sheria kamili.

Watu hutaja marufuku ile ya 2014 kama ndiyo iliyoua. Mimi nadhani ilikuta maiti. Miaka sita ya "subirini kidogo" ilitosha kabisa, kwa sababu aliyekuwa na mtambo na pesa alikuwa ameshavuka mpaka na kuchoronga kwa jirani. Sisemi New York walikosea kuwalinda watu wao, hilo ni la kwao na lina sababu zake. Nasema tu kwamba jibu la "hapana" linafanya kazi haraka, na jibu la "labda" linafanya kazi ileile polepole.

Na kuna jambo jingine la Pennsylvania ambalo kwetu halipo. Kule mwenye shamba mara nyingi ndiye mwenye kilicho chini ya shamba. Kampuni inagonga mlango wa mkulima, inakaa sebuleni, inakunywa kahawa, inatia saini naye. Gesi ikitoka, hundi inakuja kwa jina lake. Mkulima wa namna hiyo anaweza kuchukia kelele za malori na bado akatetea kisima, kwa sababu kinamsomeshea watoto. Kwetu madini, mafuta na gesi ni mali ya umma chini ya usimamizi wa Serikali. Wewe mwenye msitu unafidiwa miti na ardhi ya juu, basi. Hatuna haja ya kuona aibu juu ya utaratibu wetu, lakini tujue unaacha pengo. Ridhaa ya kijiji hainunuliki sebuleni, inatakiwa itoke kwenye halmashauri, kwenye ushuru wa huduma unaolipwa halmashauri, kwenye barabara na zahanati. Vikichelewa hivyo, mgogoro hauchelewi. Mei 2013 Mtwara iliwaka moto kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na hao walikuwa watu walewale wapole tuliowasifu kwa korosho.

Hilo linanileta kwa yule wa amani.

Uingereza hawana vita, hawana mapinduzi, na mikataba ya nusu ya dunia inaamuliwa London. Mwaka 2011 kampuni ya Cuadrilla ilipasua mwamba karibu na mji wa Blackpool, ardhi ikatikisika, kipimo 2.3. Kazi ikasimamishwa. Desemba 2012 wakaruhusiwa tena, lakini wakawekewa kanuni kwamba mtikisiko ukifika 0.5 lazima wasimame. Ndugu yangu, 0.5 ni mtikisiko ambao sisi tunaoishi chini ya Rungwe na Ngozi tusingeamka usingizini kwa ajili yake. Wakaendelea kwa kusitasita hadi Agosti 2019 ulipokuja wa 2.9, na Novemba mwaka huo zuio likarudi. Septemba 2022 waziri mkuu mpya Liz Truss akaliondoa. Mwezi uliofuata Rishi Sunak akaingia, akalirudisha. Zuio limetoka na kurudi ndani ya wiki tano! Huwezi hata kusafirisha mtambo kwa muda huo. Hakuna risasi iliyolia, hakuna aliyekimbia nchi, na bado huwezi kupanga msimu mmoja wa kuchoronga.

Polandi nayo ilikuwa tulivu, tena na hamu kubwa, maana ilitaka kujinasua kwenye gesi ya Urusi. Mwaka 2011 Wamarekani walikadiria mwamba wao una mita za ujazo trilioni 5.3. Machi 2012 wanajiolojia wa Polandi wenyewe wakapiga hesabu upya, wakapata bilioni 346 hadi 768. Fikiria umeambiwa shamba lina ekari mia, ukapima ukakuta kama kumi. Hapo jiolojia ndiyo iliyosema, na sheria haiwezi kuiongeza gesi isiyokuwepo. Lakini siasa ilisaidia kuzika: kwa karibu miaka miwili Serikali ilikuwa ikiandaa sheria mpya, ikiwemo kampuni ya umma itakayoingizwa kwenye kila leseni, kisha wazo hilo likaachwa. Kampuni za mafuta za kigeni zikafunga virago: ExxonMobil 2012, Marathon na Talisman 2013, Chevron 2015. Visima vilivyochorongwa nchi nzima vilikuwa takriban 70, idadi ambayo Texas wanaimaliza haraka bila hata kutangaza.

Afrika Kusini nitaipita upesi, ingawa ndiyo inayofanana nasi zaidi. Jangwa lao la Karoo ndilo lililoipa jina miamba yenye makaa ya mawe ya Kiwira na Ngaka huku kwetu. Serikali ilizuia 2011, ikafungua 2012, ikapeleka bungeni muswada wa kuipa dola asilimia 20 ya kila mradi wa mafuta na gesi bure, muswada ukapita 2014, Rais akaurudisha 2015, ukafutwa baadaye. Kanuni za kupasua miamba zilitungwa 2015, na 2019 Mahakama ya Rufaa ikazitengua kwa sababu waziri aliyezitunga hakuwa na mamlaka hayo, ulikuwa uwanja wa waziri wa mazingira. Hesabu miaka: nane, na hakuna kisima kimoja cha gesi ya mwambatope kilichozalisha. Kampuni ya mafuta ya Shell ilishasimamisha mipango yake tangu 2015.

Sasa Argentina, na hapa naomba yule mwenzenu wa amani avute kiti. Kama kuna nchi ambayo mwekezaji angepaswa kuikimbia, ni hiyo. Mfumuko wa bei wa kutisha, madeni yasiyolipwa, na serikali zinazopinduana kwa kura na sera zao. Mwaka 2012 Rais Cristina Fernández de Kirchner alitwaa asilimia 51 ya kampuni ya mafuta ya YPF kutoka kwa Repsol ya Hispania. Kwa hesabu ya kijiweni, siku hiyo kila mgeni angefunga virago. Julai 2013 Chevron ikatia saini kuingia na YPF hiyo hiyo kwenye mwamba wa Vaca Muerta, jimbo la Neuquén.

Kwa nini? Mwamba ni mzuri ajabu, hilo la kwanza. Lakini siku zilezile Serikali ilitoa amri iliyosema hivi: atakayewekeza angalau dola bilioni moja ndani ya miaka mitano, baada ya hapo ataruhusiwa kuuza nje asilimia 20 ya anachozalisha bila ushuru, na dola zake atakaa nazo. Katika nchi iliyokuwa ikikaba dola mlangoni, ahadi hiyo ilikuwa nzito kuliko hotuba kumi za amani. Mwaka 2014 wakakubaliana kumlipa Repsol dola bilioni 5 kwa hati fungani. Mwaka 2024 serikali nyingine kabisa, ya Javier Milei, ikapitisha sheria ya kuzifungia kodi na masharti kwa miaka thelathini miradi mikubwa, kuanzia dola milioni 200. Leo zaidi ya nusu ya gesi ya Argentina inatoka kwenye miamba migumu ya aina hiyo.

Ila nisikudanganye, Argentina imelipa. Nchi inayobadilika-badilika inanunua imani ya wageni kwa bei ya kuruka: misamaha mirefu, miaka thelathini ya kutogusa kodi, haki ambazo mzalendo wa kawaida hana. Nchi ambayo neno lake linajulikana halitingishiki haihitaji kutoa zawadi hizo. Hii ndiyo hoja ambayo ningependa kijiwe chenu kiitafune, kwa sababu wanaotaka nchi ipate zaidi na wanaotaka wawekezaji waje wanadhani wako pande mbili za shamba. Ukigeuza kauli mara kwa mara, wote wawili wanapoteza: mwekezaji anachelewa, na akija anadai punguzo.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi na mgeni mmoja wa mambo ya uchorongaji kwenye hoteli hapa Mbeya, mvua ya Machi inapiga mabati mpaka tunasikilizana kwa shida. Nilikuwa nimemwandalia maelezo ya kurasa kama arobaini, mwanzoni mikoa na miamba, katikati viwango vya kodi na vya mrabaha, yaani sehemu ya kinachotoka ardhini inayolipwa Serikali, nilivyojisifia. Aliyaruka yote. Akafungua nyuma, akatoa kalamu, akaweka alama sehemu tatu. Ikitungwa sheria mpya, mkataba huu unabaki ulivyo au unaifuata? Tukigombana tunaamuliwa wapi? Pesa yangu nikitaka kuitoa, naomba kibali kwa nani? Mrabaha aliuulizia kwenye kikombe cha pili cha chai, tena kama mtu aliyekumbuka kitu nje ya mada. Mgeni huyo hakurudi, na sijui kama mahali pengine alijibiwa vizuri kuliko nilivyomjibu mimi.

Tuje basi kwenye 2017. Mwenzenu wa kwanza ana kitu mkononi, ila amekishika upande usio na makali. Sheria zile zilifanya mengi. Zilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, zikaongeza ada ya ukaguzi ya asilimia 1, zikaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 kwenye migodi bila kulipia. Hizo zinahusu madini. Gesi na mafuta vina sheria yake ya petroli ya 2015, iliyounda PURA kama mdhibiti na kuliacha shirika la umma la petroli, TPDC, lifanye biashara. Lakini sheria mbili za 2017 zinagusa maliasili zote, gesi ikiwemo: ile inayoruhusu Bunge kutaka mikataba yenye masharti hasi ijadiliwe upya, na ile ya umiliki wa maliasili inayotaka migogoro iamuliwe kwa vyombo vya hapa nchini.

Asilimia 16 na asilimia 6 hazikumkimbiza mtu mzima. Ushahidi ni kampuni ya dhahabu ya Barrick: baada ya mgogoro wa makinikia, ule mchanga wa dhahabu, walikaa, wakaunda kampuni ya ubia ya Twiga na Serikali kwa mgawanyo wa 84 kwa 16, wakakubali kulipa dola milioni 300, na dhahabu inachimbwa mpaka leo. Kikali kinakubalika kikishajulikana.

Kilichouma ni kingine, na kilitokea karibu nasi. Katika uwanda wa dhahabu wa Lupa, huko Chunya na Songwe, kampuni ya Kanada iitwayo Winshear ilikuwa na leseni za kuhodhi eneo, yaani umeshatafiti, umeona kitu, unasubiri mazingira yawe mazuri uchimbe. Mabadiliko ya 2017 yaliifuta aina hiyo ya leseni, na kanuni za Januari 2018 zikazifuta hata zile zilizokwishatolewa. Si kwamba masharti yaliongezwa. Karatasi yenyewe ilipoteza maana. Kesi ikaenda kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, na Oktoba 2023 Serikali ikakubali kumaliza kwa dola milioni 30. Mtafiti yeyote wa gesi ya mwambatope, ambaye leseni yake ya miaka ya mwanzo ndiyo mali yake yote, akisoma kesi hiyo anaielewa bila mkalimani. Ndiyo maana nasema 2017 inazungumzwa vibaya: watu wanagombania asilimia, wakati wageni wanaulizia karatasi.

Na mradi wa msindano nao uliumia, ukitaka ulinganisho. Makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga kule Ludewa, mkataba na Wachina wa Sichuan Hongda ulitiwa saini 2011, ukakwama kwenye misamaha na masharti, zaidi ya miaka kumi ikapita bila tanuru la chuma kusimama. Gesi ya bahari kuu, kampuni ya Norway ya Equinor mapema 2021 ilifuta kwenye vitabu vyake thamani ya dola milioni 982 iliyokuwa imeiandikia Tanzania. Lakini ona: Equinor hakufunga virago, alirudi mezani. Mwenye msindano huwa anarudi kuuangalia. Wa viazi angekuwa ameshahamia Neuquén.

Kuhusu Rukwa yenyewe, tushushe sauti kidogo. Kampuni ya mafuta ya Marekani, Amoco, walichoronga visima viwili mwaka 1987, Ivuna na Galula, hawakupata mafuta wala gesi ya biashara. Kinachotafutwa sana bondeni sasa ni heliamu, na visima vya Itumbula kule Momba vimeonyesha ipo. Hiyo ni gesi nyingine kabisa, haiwaki, na haihitaji kupasua mwambatope. Isitoshe, nchi imeshagundua futi za ujazo trilioni 57 na ushei za gesi ya kawaida, nyingi ikiwa baharini, bado imelala. Ukiwa na maharage jikoni yamechambuliwa, huendi kuvunja mawe kutafuta mengine. Bomba la TAZAMA linalopita Iringa na Mbeya ni la mafuta ya kwenda Zambia, si la gesi, kwa hiyo hata ikipatikana kesho hakuna pa kuimimina.

Na maji je? Kisima kimoja cha aina hii kinakunywa lita milioni 15 hadi 20, na siku hizi mara nyingi zaidi. Kwa boza la lita 10,000 ni safari 1,500 kwa uchache, kisima kimoja! Mchanga nao, weka tani 3,000, ni semitrela mia moja. Wewe unapita Kitonga na mbao zako, unajua lori moja likifa pale kona foleni inafika wapi. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi tangu 1993, na tangu hapo wakulima wa Usangu, wafugaji, hifadhi na mabwawa ya umeme hawajamaliza kulaumiana. Mtu akija na ombi la maji ya kupasua mwamba, kibali chake Rukwa kitapita Bodi ya Maji ya Bonde, ofisi iko hapa Mbeya, na cheti cha mazingira kwa msimamizi wa mazingira wa taifa. Hapo ndipo kijiji kinapaswa kuuliza maswali, kabla mtambo haujafika: maji yatatoka mto gani na mwezi gani, machafu yatakwenda wapi, nani ameweka dhamana ya kufukia kisima kampuni ikifilisika. Mwekezaji makini hachukii maswali hayo. Anachukia kuulizwa baada ya kuchoronga.

Kyela nako nisipokutaja wataninunia. Ziwa Nyasa limo kwenye ramani ya watafutaji mafuta pia, na huko tatizo halina uhusiano na kodi wala amani ya mtaani. Malawi ilitoa leseni ya utafiti ziwani 2011, na sisi 2012 tukasema simameni, kwa sababu mpaka wenyewe, tangu mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1890, haujakubaliwa unapita ufukweni au katikati ya maji. Wazee wakiongozwa na Joaquim Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji, walijaribu kupatanisha. Hakuna kampuni itakayoshusha mtambo mahali ambapo hajulikani mwenye mamlaka ya kutia saini. Wavuvi wa Matema wanaendelea kuvua usiku na taa zao kama kawaida, amani tele.

Sasa mdogo wako. Akisomea uhandisi wa petroli kwa ajili ya gesi ya mwambatope ya Rukwa, atazeeka akisubiri. Lakini asiiache ardhi. Mwelekeze kwenye jiolojia yenyewe, au jiolojia ya maji, na ahakikishe mwaka wa tatu anapata mafunzo ya vitendo kwenye uchorongaji, si ofisini. Anayejua kuchoronga atapata kazi kwenye heliamu ya Momba, kwenye jotoardhi ya Ngozi, kwenye dhahabu ya Chunya, kwenye makaa ya Kiwira, na hata kwenye visima vya maji vya vijiji vya Mufindi, ambavyo kwa taarifa yako vina foleni ndefu kuliko vyote hivyo. Alama zake za fizikia na jiografia ndizo zitakazoamua, kwa hiyo anitumie matokeo kabla dirisha la maombi halijafungwa, tuone anaangukia wapi.